Karanga za Machi: misimu na afya ya mwanamke

Mvua za masika zikianza kunyesha, simu nazo hujaa matangazo. Dawa za kutoa baridi kizazini, za kuzibua mirija, za kusafisha uchafu, za kurekebisha mvurugiko wa homoni. Picha ni ile ile: chupa ya plastiki yenye maji ya kahawia, lebo yenye jani la kijani, na namba ya kutuma pesa. Kaskazi ikirudi, chupa hiyo hiyo inatangazwa kuwa inapoza joto la mwili. Mwanamke akiyafuatilia matangazo haya mwaka mzima ataamini kwamba hali ya hewa hushuka moja kwa moja hadi kwenye mji wa mimba, na kwamba kati ya mawingu na kizazi chake hakuna kinga nyingine ila hiyo ya shilingi 35,000, mzigo unaletwa ulipo.

Wauzaji hawa wamepata jambo moja sawasawa. Msimu una nguvu juu ya mwili wa mwanamke, tena nguvu ambayo daktari wa mjini mara nyingi hakumbuki kuiulizia. Walichokosea ni njia unayopitia. Msimu hupitia ghalani, kwenye jembe, kwenye ndoo ya maji na kwenye mdomo wa mbu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba ya asili ya misimu haiwezi kutiwa kwenye chupa. Na kuna jambo ambalo hata wanaoitetea asili kwa moyo safi hawapendi kulitamka: sehemu hiyo kubwa haiko mikononi mwa mwanamke mwenyewe.

Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua unatoka mbali na kwetu, katika kijiji cha Keneba nchini Gambia. Watafiti kutoka Uingereza wamekuwa wakiandika habari za familia za pale tangu 1949: nani kazaliwa, lini, nani kafa. Gambia ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Juni hivi hadi Oktoba. Huo ndio msimu wa kulima, na huo huo ndio msimu ambao mavuno ya mwaka uliopita yamekwisha. Malaria nayo hupanda. Mjamzito wa miezi saba anainama kwenye jaruba la mpunga kutwa nzima, akirudi nyumbani chungu kimepungua. Mwaka 1997 watafiti walitangaza jambo lililowashtua wenyewe: watu waliozaliwa kati ya Julai na Desemba, katika msimu wa njaa na muda mfupi baada yake, walikuwa wakifa mapema kuliko waliozaliwa katika nusu nyingine ya mwaka, na tofauti hiyo haikuonekana utotoni bali ilijitokeza baada ya kubalehe. Mwezi wa kuzaliwa ulikuwa unamfuata mtu mpaka ujanani.

Mwaka huo huo yakatoka matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 28 vya eneo hilo. Wajawazito wa upande mmoja walipewa kila siku, kwa takriban wiki 20 za mwisho, biskuti za karanga zilizokaangwa, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga. Wa upande wa pili walipewa biskuti zao baada ya kujifungua. Katika miezi ya njaa, watoto wa mama waliokula biskuti wakiwa na mimba walizaliwa wakiwazidi wenzao gramu 201 kwa wastani. Katika miezi ya mavuno waliwazidi gramu 94. Chakula ni kile kile, vijiji ni vile vile, na faida ikawa zaidi ya mara mbili kwa sababu ya mwezi ulioandikwa kwenye kalenda. Watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walipungua pia. Hakuna mzizi ninaoujua, wa Handeni wala wa Sumbawanga, uliowahi kupimwa kwa uangalifu kiasi hicho ukatoa jibu la namna hiyo, na hapa tunazungumzia karanga.

Kalenda ya Gambia si yetu, lakini mpangilio wake Mgogo wa Chamwino au Mnyaturu wa Singida anaujua bila kusomewa. Kule mvua ni moja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mavuno ni Mei na Juni. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya mwambo wa chakula, na ndiyo miezi ya kupalilia. Wanaopalilia wengi ni wanawake, pamoja na wajawazito, pamoja na wanaonyonyesha wenye mtoto mgongoni. Maji yako karibu kidogo kwa sababu madimbwi yamejaa, lakini ni maji ya kuharisha. Mwanamke huyu akifika zahanati analalamika uchovu, kizunguzungu na kiuno, anaambiwa apumzike. Ushauri ni sahihi kabisa kitabibu. Nani atapalilia?

Huko pwani, penye vuli na masika, pengo la chakula ni dogo zaidi, lakini kazi ina msimu wake. Chukua kilimo cha mwani Unguja, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 upande wa Paje na Jambiani na kuwa kazi ya wanawake hasa. Kazi hufuata bamvua: maji yakitoka sana mama anaingia, anasimama ndani ya maji ya chumvi kwa saa nyingi ameinama, anafunga, anapalilia, anavuna, anabeba mzigo uliolowa. Miaka ya karibuni bahari imezidi kupata joto wakati wa kaskazi, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi. Wanaotaka kuendelea nayo wanalazimika kwenda kwenye kina kirefu, na wengi hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Mgongo, ngozi na macho yanayowasha: hayo ndiyo malalamiko ya kawaida ya kazi hii. Ukimuuzia mama huyu mafuta ya kuchua mgongo yaliyochanganywa karafuu, yatampa nafuu ya jioni moja, na mimi simkatazi. Ila mgongo wake unaumizwa na bamvua, na bamvua lijalo haliko mbali.

Tuingie jikoni, maana huko asili ina mengi ya kusema kweli.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu. Sababu ni nyingi zikifungamana: hedhi, mimba zinazofuatana, malaria, minyoo, na chakula kisicho na madini chuma ya kutosha. Kwenye chakula, masika ni msimu wa neema ya majani. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, mlenda, mchunga: vyote hivi vinaota hata bila kupandwa, na mwanamke maskini anaweza kula mboga nzuri kuliko mtu wa ghorofani. Tatizo ni kwamba chuma kilichomo kwenye majani mwili haukinyonyi kwa urahisi kama kile cha dagaa, nyama au maini. Kinahitaji msaidizi, na msaidizi mkuu ni vitamini C: ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, embe, chungwa, juisi ya ubuyu. Bahati nzuri misimu hupokezana. Maembe hujaa kuanzia vuli hadi Februari, na kipupwe kinapoingia machungwa ya Muheza yanamwagwa barabarani kwa bei ya kutupa. Adui mkuu wa chuma hicho tunamkaribisha wenyewe mezani: chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu kubwa ya chuma kisinyonywe. Kuisogeza mbele saa moja au mbili baada ya kula ni tiba ya asili isiyogharimu hata shilingi, na sijawahi kuiona kwenye tangazo lolote.

Kiangazi ndicho kinacholeta taabu, kwa sababu majani yanakwisha. Hapa bibi zetu walikuwa na elimu ambayo tumeiacha iitwe chakula cha njaa. Wagogo hukausha mlenda ukaliwa mwaka mzima. Wasukuma hukausha majani ya kunde yakawa nsansa, na viazi vikawa michembe. Kukausha kunaondoa sehemu kubwa ya vitamini C, lakini chuma kinabaki, na majani yakianikwa kivulini badala ya juani yanahifadhi vizuri zaidi kile kinachogeuka vitamini A mwilini. Unga wa majani ya mlonge unaouzwa leo kwa vikopo vya kupendeza unafuata mantiki hiyo hiyo. Ni mboga iliyokaushwa, basi ni nzuri kama mboga iliyokaushwa. Anayekwambia unaponya magonjwa 300 anauza kikopo. Na asije akakuchanganyia majani na mizizi: mizizi na magome ya mlonge wajawazito hushauriwa kuviepuka kabisa.

Kuna hamu moja ya mvua inayostahili kutajwa. Wajawazito wengi husema matone ya kwanza yakipiga vumbi, ile harufu huwaamshia kiu ya udongo. Udongo wa kula unauzwa sokoni, umekaushwa vipande, na wapo wanaoutafuna siku nzima. Wanaume hucheka. Si jambo la kucheka, kwani mara nyingi hamu ya udongo huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kukamata chuma tumboni kisinyonywe, achilia mbali madini ya risasi yenye sumu na mayai ya minyoo yanayoweza kuwamo. Mjamzito anayetamani udongo apimwe damu wiki hiyo hiyo. Kumgombeza hakusaidii.

Nije kwenye masika yenyewe na mbu wake. Mimba hupunguza kinga dhidi ya malaria, na vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, ambako vinamnyima mtoto chakula hata mama asipopata homa. Ndiyo sababu kliniki ya wajawazito hutoa vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, kuanzia mwezi wa nne wa ujauzito. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linashauri vitolewe kila hudhurio, mwezi mmoja ukipita kati ya dozi na dozi, angalau dozi 3 kabla ya kujifungua. Wanaotumia cotrimoxazole kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hawapewi SP. Kuna jambo dogo linalosahaulika hapa: vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5, vile vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa bila maswali, hudhoofisha kazi ya SP. Kinachotakiwa wakati wa mimba ni miligramu 0.4, pamoja na chuma. Soma paketi.

Wengine huniambia: lakini malaria ina dawa ya asili, artemisia, hata Arusha inalimwa. Ni kweli, na historia yake inafaa kusomwa yote. Tu Youyou, mtafiti wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliupata mwanga wake kwenye maandishi ya karne ya 4 yaliyosema majani yalowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Alitambua kwamba kuyachemsha ndiko kulikokuwa kunaiua dawa, akaitoa kwa njia isiyo na joto kali. Yaani ile chai ya artemisia inayochemshwa majumbani ndiyo njia ambayo wakale wale hawakuiandika. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo hakitabiriki, na dozi pungufu huwafundisha vimelea usugu.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na wale wanaosema majani hayana madhara. Nina kisa kingine cha kuwajibu, na hiki ni cha jirani zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa Norway aliyeitwa Lorents Gran alikuwa Kongo katika kazi ya Msalaba Mwekundu. Akaona wanawake wakipewa chai ya mmea uitwao kalata-kalata wakati wa uchungu ili kuharakisha kuzaa. Hakudharau. Alibeba mmea huo, akauchunguza, akakuta ndani yake protini ndogo inayokaza misuli ya mji wa mimba. Mwaka 1995 umbo lake lilipojulikana, wanasayansi walistaajabu: mnyororo wake umeungana ncha kwa ncha kama pete, tena umejifunga fundo ndani, na kwa sababu hiyo hauharibiki kwa kuchemshwa. Protini nyingi zikichemshwa huharibika. Hii inatoka kwenye sufuria ikiwa nzima. Wakunga wale wa Kongo walikuwa na dawa halisi, yenye nguvu halisi, na wameifungulia sayansi mlango ambao hadi leo watu wanaingia.

Sasa fikiria maana yake. Kinachokaza mji wa mimba kinaweza kuukaza kupita kiasi. Hospitali ina oksitosini, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo, na hata yenyewe hutolewa kwa matone yanayohesabiwa, muuguzi akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Kikombe cha majani yaliyochemshwa hakina hesabu: mmea wa masika wenye maji mengi si sawa na wa kiangazi, kiganja cha mkunga huyu si sawa na cha yule. Mwanamke aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, au mwenye mtoto aliyelala vibaya, anaweza kupasuka mji wa mimba. Na akiwa amekunywa majani nyumbani, kisha akafika hospitali akaficha kwa kuogopa kugombezwa, halafu akatundikiwa oksitosini juu yake, hatari inakuwa maradufu. Lawama ya hapo naigawa mara mbili. Muuguzi anayewafokea wanawake kwa ajili ya dawa za kienyeji ndiye anayewafundisha kudanganya.

Tuingie kipupwe, na arobaini.

Arobaini ndiyo hazina kubwa kuliko zote tulizoachiwa, nasema hivyo bila kuuma maneno. Siku 40 mzazi hafanyi kazi nzito, halali na mume, anapikiwa, anakandwa, analala mtoto anapolala. Hospitali huhesabu wiki 6, siku 42, kwa sababu huo ndio muda ambao mji wa mimba unarudi ukubwa wake na jeraha la ndani linapona. Bibi hakuwa na vipimo lakini alikosea kwa siku mbili tu. Chakula chake nacho kilikuwa na akili: kule Kilimanjaro mtori wa ndizi na nyama, na kisusio chenye damu ya mbuzi kwa aliyepoteza damu, pwani uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Uji huo hausafishi kizazi, kwani kizazi hujisafisha chenyewe kwa kujikaza, hasa mtoto anaponyonya. Lakini unampa mama maji na nguvu, na kazi ya kuukoroga humleta mtu mwingine chumbani. Hilo la mwisho nalithamini kuliko pilipili.

Viko vya kupunguza. Kukandwa kwa maji ya moto kumewaunguza wanawake wengi, na mwenye mshono, wa tumbo au wa njia ya uzazi, hapaswi kuguswa namna hiyo. Maji ya uvuguvugu na mikono myepesi mgongoni na miguuni yanatosha. Cha pili ni jiko la mkaa. Njombe, Mufindi, Lushoto, baridi ya Julai si ya mchezo, na mapenzi ya bibi ni kuliingiza jiko chumbani kwa mzazi na kufunga madirisha upepo usimguse. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na watu hulala nayo wasiamke. Kuota moto kuishe kabla ya kulala, jiko litoke nje. Cha tatu ni ile imani kwamba mzazi hatoki nje kwa siku 40 hata akiumwa. Damu inayolowesha pedi moja ndani ya saa moja, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, homa, harufu mbaya, au mama kuanza kuzungumza mambo yasiyoeleweka: hayo hayasubiri arobaini. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata mtu aliyekwisha kujifungua.

Adui mkubwa wa arobaini lakini hayumo kwenye orodha hiyo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Kenya inampa mama miezi 3 na baba wiki 2. Hizo ni haki za mwenye mkataba. Mama ntilie, muuza mboga, mkulima wa mwani, dada wa kazi, hawa likizo yao hutolewa na ndugu, kama wapo. Mjini mama mkwe yuko Masasi, dada yuko kazini, jirani hajulikani jina. Siku ya kumi na nne mzazi yuko kwenye meza ya nyanya na mtoto ndani ya boksi. Kisha mtu anamtumia tangazo la dawa ya kurudisha nguvu baada ya kujifungua.

Kaskazi nitaipitia haraka. Joto la Januari na Februari Dar es Salaam au Mombasa huongeza maambukizi ya njia ya mkojo, na moja ya sababu ni ya aibu kwa halmashauri zetu: wanawake wanaoshinda sokoni na barabarani hawanywi maji kwa kuwa hakuna choo cha kuingia. Hakuna majani yanayotibu kukosekana kwa choo. Jasho na nguo za nailoni hukaribisha fangasi, na hapo ndipo watu huanza kujisafisha ukeni kwa ndimu, shabu, kitunguu saumu, hata sabuni ya unga. Uke una bakteria walinzi wanaotunza ukali wake wa tindikali, kati ya pH 3.8 na 4.5, ukiwafagia, unawaachia nafasi wale wenye harufu, na njia ya virusi vya UKIMWI inakuwa rahisi. Maji ya kawaida kwa nje, basi. Na kwa wale waliofikia kukoma hedhi, ambao usiku wa kaskazi huwaongezea joto juu ya joto lao, kanga iliyoloweshwa maji, chumba chenye hewa na kuacha pilipili ya usiku vinasaidia kiasi. Joto likivuruga usingizi miezi nenda rudi, daktari ana dawa, na si lazima mtu avumilie eti ndiyo uzee.

Tumbo la hedhi nalo lina dawa ya asili iliyopimwa: tangawizi. Majaribio kadhaa yamekuta kwamba unga wake, kati ya robo tatu ya gramu na gramu 2 kwa siku, katika siku tatu nne za mwanzo, hupunguza maumivu. Kitambaa cha moto chini ya kitovu pia. Kama bado msichana anajikunja kila mwezi mpaka anakosa shule, muuzaji atamwambia ana chango, na atamwambia hivyo hivyo mwenye uvimbe kwenye kizazi, mwenye maambukizi ya mirija na aliyekaa miaka mitatu bila mtoto. Dawa moja kwa wote wanne. Hapo ndipo namkumbuka kungwi. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye wengi wanamjua kwa taarabu tu, alikuwa pia kungwi wa unyago, na makungwi wa kizazi chake walikuwa na kitu ambacho muuzaji wa mtandaoni hana: walikaa mtaa mmoja na wanawake waliowafundisha. Akikupa dawa ikakudhuru, mama yako alijua nyumba yake. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na baraza la kusajili waganga na dawa zao, kwa hiyo swali la namba ya usajili ni halali kumuuliza yeyote anayetaka pesa yako. Aulizwe pia jina la mmea, sehemu iliyotumika, na nani hapaswi kuutumia.

Lakini turudi ghalani, maana ndiko uzito wa jambo ulipo. Karanga zinavunwa Dodoma na Singida kati ya Aprili na Juni, na mnunuzi hufika na mizani yake mapema, bei ikiwa chini, kwa kuwa anajua kaya zina madeni ya mbolea, ada na sare. Gunia zote huondoka. Januari familia hiyo hiyo inanunua karanga kwa kikombe, kama inanunua kabisa. Kaya yenye mjamzito, au inayotarajia kupata mmoja, ikiamua Juni kwamba debe mbili hazitauzwa hadi Machi, imemtengenezea biskuti za Keneba bila mtafiti wala mfadhili. Uamuzi huo mara nyingi haufanywi na mwanamke, kwa sababu mazao ya kuuza huhesabiwa kuwa ya baba hata kama aliyeyapalilia ni mama. Vivyo hivyo uamuzi wa nani atachota maji Februari, nani ataenda na jembe mama akiwa na miezi minane, na kama mimba inayofuata ingoje ili miezi yake ya mwisho iangukie baada ya mavuno badala ya kabla, jambo ambalo uzazi wa mpango unaliwezesha na ambalo wahudumu wa kliniki wangeweza kulieleza kwa dakika tano wakiwa na wanandoa wote wawili mbele yao. Kwa sasa, kwenye kliniki nyingi, baba huombwa aje kwa ajili ya kipimo cha virusi vya UKIMWI. Akiwa ameshafika, aulizwe habari za debe.